Baba Aliyekalishwa Mzigo

Ndugu yangu wa tumbo moja, Abdulsalam, aliambiwa na daktari kwamba moyo wa baba yetu unakaribia kusimama, akatuficha. Akamtoa hospitali, akaenda kumkalisha mzigo, yaani kulinda vitambaa vikifungwa ghalani. Baba alipofia pale kwenye mzigo, Abdulsalam alisema mbele ya watu waliokuja kutupa pole kwamba kilichomuua ni chakula changu. Hilo ndilo alilonifanyia, na nalitaja mapema ili nisionekane kuwa nazunguka.

Baba yetu aliitwa Mbarak. Huko Tanga alikuwa na duka la vitambaa Ngamiani, duka dogo ambalo wateja wawili wakiingia wa tatu husubiri barazani. Aliuza kanga, aliuza kitambaa cha suruali za shule, aliuza na sanda. Bei ya kitu chochote kingine angebishana nawe mpaka adhuhuri, lakini sanda alikata kimya, akakunja, akakupa. Watu walimpenda kwa hilo. Mimi sikupelekwa shule. Nilikaa naye dukani tangu mdogo, nikishika ncha ya pili ya kitambaa wakati yeye anapima. Aliyepelekwa shule ni Abdulsalam, mdogo wangu. Baba aliniita "mama yangu" kwa sababu nina jina la mama yake, Mwanakhamis. Abdulsalam, yeye baba alimwita kwa jina lake zima siku zote, kama mtu anayesoma kwenye karatasi.

Abdulsalam alipofungua ofisi Guangzhou, China, mwaka tisini na saba, kwenye jengo la Tianxiu Dasha, alimchukua baba kwa sababu baba anajua vitambaa, na mimi alinichukua nikawapikie. Nilikuwa nimeachika, binti yangu Swalha yuko kwa bibi yake, sikuwa na la kunizuia. Tulipanga nyumba mtaa wa Xiaobei. Kidogokidogo wafanyabiashara wa kwetu wakaanza kuja kula: wa Dar es Salaam, wa Unguja, hata wa bara. Wakizunguka siku nzima na midomo mikavu, wakifika kwangu wanakuta wali wa nazi na samaki, wanavua viatu, wanatukanana kwa raha kama wako nyumbani. Mama Swalha, Mama Swalha, kila kona. Miaka ile sikuwa na kingine cha kujivunia.

Baba naye alikuwa na watu wake kule Zhongda, soko la vitambaa. Alikwenda na kofia yake na ndara, hajui Kichina hata cha kuomba maji, akakaa duka hili akanywa chai, akahamia duka lile akanywa chai. Wanawake wa Kichina walimsikia Abdulsalam anavyomwita, nao wakamwita Baba, neno ambalo hata kwao lina maana hiyohiyo. Alicheka sana alipolijua hilo. Alisema amevuka dunia nzima kumbe amekuja kuongeza watoto.

Kazi aliyoifanyia ofisi ya mwanawe ilikuwa kukalia mzigo. Ukishakubaliana na laoban, yaani tajiri wa duka, vitambaa haviingii kwenye kontena moja kwa moja. Vinapelekwa ghalani kufungwa marobota, na hapo ndipo panapochezewa. Umeagiza kitambaa kizito cha baibui. Unafungua robota Dar es Salaam, unakuta chepesi kinachopitisha mwanga. Kwa hiyo watu wetu humweka mtu mzima akae ghalani tangu robota la kwanza mpaka la mwisho. Hanyanyui kitu. Anakaa na kutazama. Sisi sote, na mimi nikiwemo, hatukuhesabu hiyo kuwa ni kazi.

Mwaka tisini na nane, mzigo wa Ramadhani ukiwa unatafutwa, baba alishikwa na kifua. Alikuwa anavuka daraja la watembea kwa miguu karibu na nyumbani, akashika chuma cha pembeni, akakataa kuendelea. Tulimpeleka hospitali. Wakamlaza kwenye chumba cha vitanda sita, ghorofa ya juu, na mimi nikakaa naye, kwa sababu kule jamaa wa mgonjwa ndio wanaomlisha na kumwogesha.

Daktari alikuwa mwanamume mpole mwenye nywele nyeupe. Hakumwambia baba kitu, wala hakuniambia mimi. Alimtazama Abdulsalam, akamwita kwa kidole, wakatoka kwenda ukumbini. Nilivyoona siku zile, ndiyo desturi yao: habari mbaya anapewa mtoto wa kiume, si mwenye mwili. Na kwetu nako desturi ndiyo hiyo. Desturi mbili zikakutana mlangoni na baba amelala katikati.

Abdulsalam alirudi akanivuta pembeni.

"Ni gesi, dada. Imepanda kifuani. Mwambie baba asihangaike, wewe anakusikiliza."

Nikaenda nikakaa kitandani, nikamshika mkono baba, nikamwambia ni gesi. Alinitazama, akasema Alhamdulillahi. Mpaka leo, nikikumbuka uso wake ulivyolegea kwa neno langu, naona aibu hata nikiwa peke yangu jikoni. Nilitumwa kupeleka uongo kwa baba yangu, nikaupeleka kwa upendo.

Nesi alinionyesha pakiti ya chumvi akatikisa kichwa, akanionyesha chupa ya mafuta akatikisa tena. Hilo halikuhitaji Kichina. Nikawa nampikia baba samaki wa kuchemsha na ndimu, na uji wa mchele, bila chumvi, bila tone la mafuta. Alilalamika kila siku.

"Mama yangu, chumvi imekwisha China nzima?"

"Nesi amekataza, baba."

"Nesi mwenyewe bado hajaolewa. Atajuaje?"

Nikacheka, akacheka, akala. Wale wagonjwa wa Kichina walikuwa wanatutazama wanacheka nao, bila kujua tunachekea nini.

Kwenye kitanda cha jirani akaletwa Mtanzania mwenzetu, Mzee Anatory, wa Bukoba. Alikuja na binti yake Felisia kununua nguo Shahe kwa ajili ya duka lao, akaanguka kwenye ngazi za soko. Felisia ni mwanamke wa rika langu, Mkatoliki, msemaji, wa kujibizana na wachuuzi mpaka wanamkimbia. Kwa kuwa mtoto wa kiume hakuwapo pale, daktari alimwita yeye ukumbini kama alivyomwita Abdulsalam. Felisia akakataa kutoka. Palikuwa na kijana wetu mmoja, Pius, anayesomea udaktari pale, ndiye aliyemtafsiria. Felisia akamwambia maneno yasemwe hapohapo, baba yake anasikia, kwa sababu moyo ni wake. Tulisikia yote.

"Kwa hiyo ni moyo," akasema Mzee Anatory.

"Ni moyo, mzee," Pius akamjibu. "Mishipa imeziba."

"Na nikirudi Shahe nikapanda zile ngazi?"

"Utafia kwenye ngazi."

 Felisia alikuwa analia waziwazi, kamasi zinamtoka, hata hajifuti. Kisha baba yake akasema, "Basi tusipande," na akamwomba maji.

Baba yangu alikuwa ameegemea mto anawatazama. Aliniinamia akaninong'oneza kwamba hao ni watoto gani wanaomwambia mtu jambo kama hilo usoni. Mimi nikakubali. Tuliwaona watu wa bara hawana huruma. Baadaye baba akanyanyuka taratibu, akachukua tende zake, akampelekea Mzee Anatory, akakaa kwenye kitanda chake.

"Mungu atakupa nafuu, ndugu yangu," akamwambia. "Mimi mwenyewe nina gesi tu, na unaniona inavyonitesa. Sembuse wewe."

Maneno hayo aliyasema baba yangu, mwenye ugonjwa uleule, daktari yuleyule. Alikuwa akimfariji mwenzake aliyejua, na yeye hajui. Nikilieleza jambo hili kwa watu sijui niweke wapi macho.

Siku chache baadaye Abdulsalam akaja na viatu vya baba mkononi. Akasema ameshapona, twende nyumbani. Baba alifurahi. Nesi alikuja akasema maneno mengi kwa haraka, Abdulsalam akamjibu kwa Kichina, nesi akasema tena, akanitazama mimi kama anayeniomba kitu. Nilidhani anadai mashuka. Nikayakunja vizuri, nikamkabidhi.

Nyumbani baba hakupumzika hata kidogo. Mzigo wa baibui ulikuwa unafungwa, na msimamizi mwingine aliyekuwepo alikwisha kurudi Dar es Salaam. Nilimwambia Abdulsalam mzee bado anahema. Akaniambia, "Si anakaa tu, dada? Kule ghalani atakaa, hapa atakaa. Kule hata ana watu wa kuzungumza nao." Baba mwenyewe alikuwa amekwisha vaa kofia. Angejua, angekataa. Namjua. Alikuwa mwoga wa hospitali, lakini hakuwa mpumbavu, na alikuwa anataka kumwona Swalha akiolewa.

Ghala lilikuwa ghorofa ya tatu, hakuna lifti ila ya mizigo, na lifti ya mizigo ilijaa mizigo. Alipanda ngazi. Laoban, mwanamke mnene mwenye sauti, alimpa kiti na chai. Joto lilikuwa bado kali, vumbi la vitambaa limetanda. Baba akakaa. Vijana wakafunga marobota, wakayapanga kushoto kwake na kulia kwake. Mchana mmoja wao alitaka asogee kidogo wapitishe robota. Alipomgusa bega ndipo wakajua. Walikuwa wanamzunguka wakidhani amesinzia.

Abdulsalam alikwenda kumchukua. Na kontena likafungwa siku ileile, kwa sababu meli haisubiri. Hilo sikuambiwa na mtu. Nililisikia mwenyewe akilisema kwenye simu, na baba amelazwa chumba cha pili.

Wanaume walimzika kwenye makaburi ya Waislamu. Sisi wanawake hatuendi. Sanda yake ilikatwa na mtu tusiyemjua, nami nilibaki nyumbani napika, kwa sababu watu walikuwa wanakuja na lazima wale. Nilipika pilau na machozi yananitoka, na sikumruhusu mtu anisaidie.

Siku ya tatu, baada ya dua, sebule ilikuwa imejaa. Wanaume wamekaa chini, sinia katikati, sisi wanawake tuko chumba cha kupikia na mlango uko wazi. Hata yule laoban alikuja na kapu la matunda, akakaa kwenye kiti peke yake, hajui aseme nini. Dullah, mfanyabiashara wa Unguja ambaye alikuwa anakula kwangu kila siku, akauliza swali ambalo wote walikuwa nalo: mzee si alitoka hospitali akiwa mzima, ilikuwaje?

 Abdulsalam alipangusa vidole. Kisha akasema, "Daktari alikataza chumvi na mafuta. Lakini jikoni kwa dada mnapajua."

Basi. Hakuongeza neno, na hakuhitaji. Mtu mmoja alitoa kicheko kifupi, akakimeza.  Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la kachumbari. Nilimwona Dullah anautazama mkono wake wenye pilau, anairudisha siniani taratibu, kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake. Wengine nao wakasema wameshiba. Nilitaka kusema kwamba baba hakuonja chumvi yangu tangu alipolazwa, kwamba alinitania kwa ajili hiyo. Lakini ningelisema vipi, msiba wa baba, mbele ya wanaume, nikimwita ndugu yangu mwongo? Nikaweka bakuli chini. Nikarudi jikoni.

Wateja hawakuacha wote kwa siku moja. Wengine walikuja kwa haya, wakaagiza kidogo, wakaniuliza kama kuna mafuta mengi, wakiwa wanatazama pembeni. Kisha wakahamia kwa Wachina Waislamu wanaouza tambi. Nikikutana nao chini ya jengo wananisalimu kwa upole, na ule upole ndio uliniumiza, kwa sababu ni upole wa mtu anayekusamehe. Mama yetu, aliyebaki Tanga, alipiga simu. Habari ilikwisha mfikia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mwanakhamis, ulimpa nini baba yako?" Nilimjibu samaki wa kuchemsha. Akakata simu. Tangu siku hiyo huzungumza na Abdulsalam, na mimi hunitumia salamu.

Nilianza kujishuku. Huo ndio ubaya wa neno la namna ile. Nilikuwa nalala nikikumbuka kila chungu: labda ile ndimu, labda sufuria haikuoshwa vizuri.

Mwaka uliofuata, katikati ya mwaka, Felisia alirudi Guangzhou. Alikuja kwangu bila taarifa, akavua viatu, akasema ana njaa. Alikuwa amevaa nyeusi. Mzee Anatory alikuwa amefariki Bukoba. Walimpumzisha hospitali mpaka akaweza kupanda ndege, hakutaka kupasuliwa. Akaishi miezi kadhaa nyumbani kwake, akawagawia watoto migomba, akamaliza ugomvi wake na mdogo wake, akachagua mahali pa kaburi. Alikufa kitandani, asubuhi, anakunywa chai.

Nilimwambia alikuwa na bahati. Akanitazama.

"Bahati? Kaka zangu hawasemi nami, Mama Swalha. Wanasema nilimuua kwa kumwambia. Wanasema angeishi miaka kumi kama asingejua."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema alijua, akafa anajua. Usiku nalia, lakini nasema hivyo."

Nikamwekea chakula. Alikula kama hakusikia chochote kuhusu jiko langu, na kumbe alikuwa amesikia. Nilimwambia, kwa kunong'ona, kwamba baba yangu mimi alikuwa na gesi tu, na nilimuua kwa chakula. Akaacha kula.

"Nani alikwambia gesi?"

Nikamwambia. Akaweka kijiko chini. Akasema Pius alikuwapo ukumbini siku ile daktari alipozungumza na Abdulsalam, akasikia kila neno. Ulikuwa moyo, mishipa imeziba, mzee alale, asipande ngazi, wajiandae kumpasua. Daktari alirudia mara mbili. Pius aliposikia amefia ghalani alimpigia Felisia simu mpaka Bukoba, akamuuliza ni watu gani hawa. Felisia alidhani mimi najua. Alidhani sote tulikubaliana.

Sikulia. Nilihisi joto usoni, kama nimekamatwa naiba. Niliona aibu mbele yake kwa ajili ya familia yangu, na niliona aibu kwa siku ile tulipowaona wao hawana huruma.

Nilikwenda Tianxiu Dasha asubuhi iliyofuata. Abdulsalam alipouona uso wangu, alifunga mlango wa ofisi. Hakukana.

"Mgonjwa haambiwi, dada. Hata babu hakuambiwa."

"Sawa, baba alikuwa mgonjwa. Na mimi? Mimi nilikuwa naumwa nini?"

"Ungelia mbele yake. Angejua."

"Na ghalani alipelekwa na nani?"

Akafunika uso. Alilia kweli, sitasema alijifanya. Alisema alidhani kukaa ni kupumzika. Alisema kila akipita ghala lile anageuza uso. Nikamwacha amalize, kisha nikamuuliza kuhusu maneno ya msibani. Alisema Dullah alimuuliza huku watu wote wanamtazama, na neno likamtoka tu.

"Basi lirudishe," nikamwambia. "Mbele ya walewale."

"Dada, watu wamekwisha sahau."

"Wamesahau ndiyo maana hawali kwangu?"

 Halafu akaniahidi: siku ya hitima ya baba, mwaka ukitimia, atawakusanya wote na atasema. Alisema ataagiza na wafanyakazi wake waje kula kwangu kila siku. Hilo nilikataa. Sikutaka chakula changu kiliwe kwa amri.

Hitima ilisomwa mwezi uliopita, sebule ileile. Dullah alikuwapo, na karibu wote waliokuwapo. Nilivaa vizuri. Sikuambiwa nipike, nikadhani ni heshima. Dua ilipokwisha Abdulsalam akasimama, na mimi nikasimama mlangoni ili nisikie vizuri. Aliwashukuru waliokuja. Aliwashukuru waliosoma. Alisema baba alikuwa mtu wa watu. Alinitazama, kisha akasema chakula kiko tayari, ameagiza kwa Wachina Waislamu, karibuni sana. Wakala wote, mpaka wakarudia.

Daktari yule simdai. Alisema alichotakiwa kusema. Nesi simdai. Felisia nilimwomba radhi, akacheka, akaniambia nimtafutie pilipili. Dullah na wenzake waliambiwa, wakaamini. Anayedaiwa ni Abdulsalam bin Mbarak. Anadaiwa maneno machache, kwa sauti yake, mbele ya watu waliokula siku ya tatu: kwamba aliambiwa ni moyo, kwamba alituficha, kwamba alimpeleka ghalani yeye, na kwamba chakula changu hakikuwa na chumvi. Kisha ashike simu, amwambie mama hivyohivyo.